Kinywa cha Bi Ellen

Siku ya Alhamisi, ilipotimu saa moja na robo jioni, Muriel Tattersall aliondoa mezani sahani za pai ya nyama na viazi, akapangusa makombo, kisha akafunga mapazia ya chumba cha mbele. Jua lilikuwa bado juu ya kilima, kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Mei, lakini nyumba zote thelathini na moja za Mtaa wa Bethesda zilifunga mapazia wakati huohuo, kama zilivyozoea kufanya jeneza linapopita. Saa moja na nusu kilianza kipindi cha Norris, na hakuna aliyetaka jirani auone uso wake atakapojua zamu imemwangukia nani.

Norris alikuwa mdogo wake Muriel. Aliandika vichekesho na kuviigiza mwenyewe, na magazeti yalimsifu kwa kutowahi kuiba kichekesho cha mwenzake. Hilo lilikuwa kweli.

Alianzia katika ukumbi wa kanisa, mwaka 1948, kwenye tafrija ya kiwanda cha sapatu alikokuwa akikata soli. Alipanda jukwaani akakohoa kama Bwana Duckworth, msimamizi wa zamu: mara mbili kikavu, mara moja kwa makohozi. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Tangu jioni hiyo Bwana Duckworth hakukohoa tena, na wafanyakazi hawakuwa na namna ya kujua kama yuko nyuma yao. Watatu walifukuzwa kazi kabla ya Krismasi.

Kutoka hapo Norris aliingia vilabu vya wafanyakazi, ambako mchekeshaji hukatizwa katikati ya sentensi ili itangazwe kwamba pai zimefika. Huko alimwigiza Mjomba Seth anavyotembea, na Mjomba Seth akawa mtu wa kubebwa na kiti chake. Mwaka 1955 alipata nafasi redioni, akapiga ule mluzi ambao baba yao alimwitia mbwa. Bess, mbwa mwenyewe, alikuwa machimboni kule mlimani wakati huo. Yuko huko hadi leo, na upepo ukivuma kutoka upande ule husikika akingojea kuitwa. Baba alifariki mwaka uliofuata, na daktari aliandika kwamba sababu ni mapafu. Aliyenufaika alikuwa kasisi peke yake. Norris alipoingia kwenye televisheni alianza na kigugumizi cha kasisi huyo, naye akamtumia keki pamoja na barua ya shukrani.

Kitu hakikumtoka mwenyewe pale Norris alipokiona, wala alipokiandika. Kilimtoka watu walipocheka. Mtaani jambo hili lilijulikana kama inavyojulikana siku ya kupita gari la taka.

Alhamisi hii Muriel alikuwa na hofu kuliko majirani zake wote, kwa sababu yeye alijua tayari zamu ilikuwa ya nani. Alimsogezea mama yake kiti karibu na televisheni, akamfunika miguu.

Bi Ellen Tattersall alikuwa amefuma nguo kwa miaka arobaini na mmoja katika ukumbi wenye mitambo mia nane. Mitambo ile ilinguruma kiasi kwamba hakuna aliyeweza kumsikia mwenziwe hata akipiga kelele sikioni, hivyo wanawake walizungumza kwa vinywa bila sauti. Walitanua midomo, wakalitafuna kila neno polepole, wakatia mkazo kwa nyusi na kidole. Kwa njia hiyo habari ya uzazi au ya msiba ilivuka ukumbi mzima kabla uzi haujakatika. Masikio ya Bi Ellen yalikufa kidogo kidogo, na alipostaafu hayakuwa yakisikia chochote. Kiwanda kilimuaga kwa kumpa saa ya ukutani yenye kengele.

Muriel naye alifuma kando ya mama yake kwa miaka sita, mpaka alipoacha kazi ili amtunze. Mle ndani walizungumza kutwa nzima kwa vinywa. Waliteta, walisengenya, waligombana kuhusu chumvi, na mtu aliyepita nje angedhani nyumba haina watu. Bi Ellen hakuwa na njia nyingine ya kusikia.

Jumapili iliyotangulia, Norris alikuja kunywa chai. Gari lake lilipojitokeza penye kona, watu wote barabarani walitia mikono mifukoni na kuanza kutembea kwa hatua zinazolingana. Bi Pickup, jirani wa ukuta mmoja, alikuwa na namna yake ya kukunja mikono kifuani. Aliikunjua akaificha mgongoni.

"Hujambo, Bi Pickup?" Norris aliuliza.

"Sijambo. Hali ya hewa ni ya kawaida."

"Na wewe mwenyewe?"

"Na mimi ni wa kawaida."

Ndani, Muriel alikuwa amemfunga mama yake skafu kutoka utosini hadi kidevuni, akaivuta mpaka ikafunika midomo. Alimwambia Norris kwamba ni jino. Aliandaa samaki wa kopo, mkate na siagi, na mapichi ya kopo yenye maziwa mazito, kama inavyostahili mgeni. Norris alikuwa amekonda. Kijiko kilitetemeka mkononi mwake mpaka kikawa kinagonga bakuli.

"Vimebaki vipindi viwili, dada," alisema. "Mkubwa wetu kule televisheni ananiambia nimeanza kujirudia. Juzi nilisema jambo langu, ukumbi mzima ukakohoa. Unajua inavyokuwa ukumbi ukikohoa?"

"Sijui."

"Unasikia kiatu chako mwenyewe kikilia sakafuni."

"Pumzika basi. Andika habari ya wanyama."

"Wanyama wana mwenyewe. Kuna bwana mmoja kule Leeds anayewaigiza."

Bi Ellen alikuwa akimtazama mwanawe. Kila Norris alipokuja, jambo la kwanza ambalo mama huyu alimwambia lilikuwa lile lile, kwa midomo iliyotanuliwa kwa upendo: "Umekula, mwanangu?" Sasa aliona mashavu yaliyobonyea, na mkono wake ukapanda kwenye skafu ili aiteremshe.

Muriel alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Norris, ameshika buli. Norris alikuwa ameinamia mapichi yake. Muriel akaona kwamba ni salama, kwa kuwa maneno yasiyo na sauti hayana wa kuyasikia. Alitanua midomo juu ya kichwa cha mdogo wake, akamwambia mama yake kwa kituo: "Usifumbue mdomo, mama. Ameshachukua kila kitu."

Mkono wa Bi Ellen ulishuka.

Hapo ndipo Muriel alipotazama mbele. Televisheni ilikuwa imezimwa, na katika kioo chake cheusi alijiona mzima, buli mkononi, midomo bado wazi. Aliyaona na macho ya Norris, nayo yalikuwa yakiitazama midomo hiyo. Kijiko kilikuwa kimeacha kutetemeka.

"Norris."

"Naam, dada."

"Umeona nini?"

"Nimeona chai inapoa. Nimiminie."

Jumatano, Muriel alikwenda kwenye kibanda cha simu kilichoko mbele ya posta, akampigia.

"Kesho kuna nini?" aliuliza.

"Mahakama. Mwanamke mmoja anatoa ushahidi mbele ya jaji."

"Anasemaje?"

"Hatoi sauti," Norris alisema.

"Norris, mama hana kitu kingine. Na mimi umenichukulia hicho hicho. Tutazungumzaje mle ndani?"

"Nitamnunulia kifaa cha masikio. Kizuri, cha Kijerumani."

"Masikio yake hayakulala, yamekufa."

"Basi andikianeni."

"Mama alianza kiwandani akiwa na miaka kumi na miwili. Unataka aandike nini?"

"Dada, mimi sichukui. Mimi naigiza tu. Yanayotokea huko kwenu siyaoni nikiwa huku."

"Njoo uyaone."

"Nikija mnasimama kama vigingi." Kisha sauti yake ikawa ndogo, kama alivyokuwa akizungumza utotoni alipoogopa giza la ngazi. "Ukumbi ukikohoa tena, Muriel, ndiyo basi. Nitafanya nini? Sijui kazi nyingine."

"Kata soli."

Norris alikata simu.

Alhamisi adhuhuri kasisi alilifungua kanisa. Wanawake ishirini na tatu, wengi wao wafumaji wa zamani, walipiga magoti wakaomba watu wasicheke.

"Tunamwombea mtoto wetu wenyewe aaibike," Bi Pickup alinong'ona. "Tumefika pabaya."

"Omba, mama," Muriel alimjibu.

Kipindi kilianza kwa wakati wake. Kulikuwa na wimbo, kisha kichekesho cha mtu na ngazi ya kukunja, kisha pazia likafunguka, jaji akaonekana amekaa juu na mashahidi chini. Norris aliingia amevaa aproni ya kufumia na kitambaa kichwani. Jaji alimwamuru aieleze mahakama aliyoyaona. Norris akashika ukingo wa kizimba, akatanua midomo.

Ukumbi ulikuwa kimya. Mtu mmoja alikohoa. Muriel alikamata mkono wa kiti mpaka kucha zikauma, akahesabu moyoni: moja, mbili, tatu.

Bi Ellen alikuwa ameinuka kidogo kutoka kwenye kiti chake. Miaka minne televisheni ilikuwa imekaa mle chumbani, na hii ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza naye. Uso wake ulichangamka. Alilifuata kila neno kwa macho, kisha akamgeukia bintiye, akainua kidole na kutanua midomo yake mwenyewe. Muriel alisoma neno la kwanza na la pili: "Muriel, huyu..."

Ndipo wakacheka. Alianza mwanamke mmoja upande wa nyuma, kisha safu nzima, kisha ukumbi wote kwa pamoja, kwa muda mrefu, mpaka jaji mwenyewe akaziba uso kwa karatasi zake. Midomo ya Bi Ellen iliendelea kufunguka na kufumba mara nne au tano, nayo ilikuwa midomo tu. Muriel aliitazama, asipate kitu. Alijaribu kumjibu, na kinywa chake kikafanya kama kinywa cha mtu anayetafuna. Mama na binti walitazamana hivyo mpaka matangazo yakaanza. Sehemu iliyobaki ya sentensi ile Muriel hakuijua kamwe.

Siku ya pili, sokoni, wafumaji wa zamani walisimama mbele ya meza za mboga wamefumba midomo, kwa kuwa usemi ule ulikuwa mmoja na uliwatoka wote. Kila mmoja alielekeza kidole kwenye karoti alizozitaka. Bi Pickup alikunja mikono kifuani, akaona bado anaweza, akaona haya, akaikunjua.

Juma lile watoto wa nchi nzima walianza kutanuliana midomo kwenye vituo vya basi, makarani wakafanya hivyo maofisini kupitia madirisha ya vioo, na inasemekana mbunge mmoja alimfanyia mwenzake bungeni. Norris aliongezewa vipindi kumi na vitatu, na mwisho wa mwaka akapewa tuzo. Mwenye kiwanda cha nguo alimwandikia kumshukuru kwa kuzitangaza kazi za bonde letu, akatundika picha yake iliyotiwa saini langoni. Mitambo mia nane iliendelea kunguruma. Wasichana wapya waliingia na pamba masikioni, nayo haikuwasaidia, na hapakuwa na mtu aliyeweza kuwaeleza jambo lolote mpaka kengele ya kutoka.

Alhamisi zilizofuata, Muriel aliacha kufunga mapazia. Alipata kibao cha shule na chaki, akamwandikia mama yake maneno mafupi: CHAI. MVUA. LALA. Bi Ellen aliyasoma polepole, kidole chini ya herufi, akaitikia kwa kichwa kama anayeitikia karani wa ofisini. Kifaa cha Kijerumani kilifika ndani ya kisanduku cha mahameli, wakakiweka chini ya saa yenye kengele.

Siku ya Krismasi, baada ya chakula cha mchana, televisheni ilirudia vichekesho vilivyopendwa zaidi mwaka ule. Norris alikuwa ametuma kadi kueleza kwamba yuko jukwaani Blackpool. Jaji alionekana amekaa juu, mashahidi chini, na yule mwanamke wa aproni akashika ukingo wa kizimba.

Bi Ellen alisogea mbele. Aliitazama midomo ile kwa makini, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Mama huyu ana jambo anataka kusema," alisema.

Alisema kwa sauti. Muriel hakuwa ameisikia sauti hiyo tangu utotoni. Ilikuwa kubwa mno na haikuwa na mwinuko wala mshuko, na vikombe vililia kabatini.

"Anasemaje?" Bi Ellen aliuliza.

Muriel aliyajua maneno yale, maana yalikuwa yake mwenyewe, yale aliyoyasema juu ya kichwa cha Norris Jumapili ile ya chai. Alikiweka kibao magotini. Kisha akaandika kwa herufi kubwa, akamgeuzia mama yake: ANAULIZA KAMA UMEKULA.

Bi Ellen alisoma mpaka mwisho. Alitabasamu, akaigeukia televisheni, akaweka mikono yake juu ya blanketi.

"Nimekula, mwanangu," aliijibu, na ukumbi mzima ukacheka.