Aliyekuwa na Fredy

Hilaria alifika wodini akihema. Muuguzi alikuwa ameshamfunika Mzee Wenseslaus shuka la kijani.

"Mama, huyu anaingia chumba cha upasuaji sasa hivi. Dakika tano tu."

Asubuhi hiyo alikuwa ameteremka kutoka Kibosho mpaka Shirimatunda, nyumbani kwa mzee, akaambiwa amelazwa hospitali ya Mawenzi tangu juzi. Kwa miaka mitatu alikuwa akitafuta mtu aliyekuwa kikosi kimoja na baba yake, Fredy, aliyeuawa katika vita vya Kagera akiwa na miaka ishirini, miezi minne kabla Hilaria hajazaliwa. Kijijini walinong'ona kwamba alipigwa risasi akikimbia. Mama yake Hilaria alikufa bila kujua kama ayaamini hayo au la.

"Shikamoo baba. Mimi ni Hilaria, mtoto wa Fredy wa Kibosho."

Mzee aliuvuta mkono wake wenye dripu. "Nani kakutuma?"

"Sijatumwa. Nataka kujua alikufaje. Ni kweli alikimbia?"

Mzee akageukia ukutani. Muuguzi akatazama saa. Hilaria alisogea karibu zaidi: huyu akiingia mle ndani asitoke, basi tena.

"Alikimbia," mzee alisema hatimaye. "Karibu na Lukaya, huko Uganda, barabara imepita katikati ya kinamasi. Makombora yalitushukia, tukakimbia wote. Mimi nilikuwa mbele yake. Nilimsikia akiniita. Sikugeuka." Akameza mate. "Kesho yake tuliporudi nilimfumba macho mwenyewe."

Hilaria alishika chuma cha kitanda. Alikuwa amejiandaa kusikia sifa, au matusi. Hili hakulitegemea.

"Alijua mama ana mimba?"

"Alijua! Barua ilimkuta Kyaka, kabla hatujavuka mpaka. Alitusumbua lori zima tumchagulie jina. Wa kiume angekuwa Sirili. Ya kike aliyakataa yote, akasema hilo anamwachia mkewe." Mzee alitaka kucheka, tumbo likamuuma.

Muuguzi akaanza kusukuma kitanda.

"Mwanangu, unanichukia?"

"Sijui, baba," alijibu, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini alimsindikiza hadi mlangoni, mkono wake juu ya shuka.

Mlango ulipofungwa, alimpigia Theodora, dada wa baba yake.

"Shangazi, nimempata. Baba alikimbia. Wote walikimbia."

Theodora akasema, "Endelea. Niambie yote."

Saa nane mchana mzee alitolewa akiwa hai. Hilaria alikuwa bado kwenye benchi, na bado alikuwa na maswali.