Swichi ya Fundi Shekiondo

Nakijwa analala saa nane mchana, tena analala na hasira zake, jambo ambalo si rahisi. Amejilaza kifudifudi juu ya farasi wa plastiki ngumu katika ukumbi wa michezo wa Bwana Hatibu, pale Korogwe, bisibisi ingali mkononi, na kabla hajafumba macho analirudia neno alilolisema siku tatu mfululizo: yule mzee alikuwa mchoyo. Mzee ni marehemu Fundi Shekiondo, aliyemfundisha kazi. Farasi ni mashine ya zamani ya sarafu: unapanda, unatumbukiza sarafu, taa ya shingoni inawaka, farasi anainuka na kushuka mpaka muda wako uishe. Sasa sarafu inaingia, taa inawaka, na farasi ametulia tuli. Mota ni nzima. Nyaya ni nzima. Sababu Nakijwa anaijua, na ndiyo inayomchoma roho: Fundi alikuwa akificha swichi yake ya siri ndani ya kila mashine, ili mwenye mashine asithubutu kumwita fundi mwingine. Siku yake ya mwisho kazini aliizima ya farasi, akaenda nyumbani, akafa, bila kumwambia mtu ameiweka wapi. Na leo saa kumi Hatibu anamleta mnunuzi wa chuma chakavu na mkokoteni wake. Farasi akitembea, anabaki. Asipotembea, anakatwa vipande, na mashine ya mwisho ambayo Nakijwa anaijua kama mkono wake ndiyo imekwisha hivyo.

Sarafu inaanguka, tii, na nani ameitumbukiza hajui. Farasi anainuka. Anashuka. Hasogei hata kidogo, barabara ndiyo inayosogea, inapita chini ya kwato zake, barabara ya vumbi, kisha ya lami, kisha ya vigae vyekundu kama vya ukumbini, haina mwisho na haina kona, na Nakijwa anashikilia shingo ya farasi na hasira yake haijapungua hata chembe. Pembeni anatembea mtu aliyeshika hatamu. Uso wake umesagika kama sarafu ya zamani iliyopita mikono mingi, unaona mviringo tu na kialama pale ilipokuwa pua. Unanipeleka wapi, anauliza Nakijwa. Unakotoka, anajibu yule mtu. Nijibu vizuri, mimi sina muda, saa kumi wanakuja kumchukua huyu. Saa kumi imeshafika mara nyingi, anasema, na wewe ulikuwa umepiga magoti. Nakijwa anasonya, msonyo mrefu wa Kikorogwe, unaosikika mpaka ng'ambo ya barabara. Mafumbo! Hata huku wapo wa mafumbo!

Wanaingia mjini, na mji wote ni vioo. Kila duka ni ukumbi wa Hatibu, maandishi ya mlangoni yamegeuka nyuma mbele, na katika kila kioo yumo Nakijwa, amepiga magoti, kichwa kimezama chini ya tumbo la farasi, tesita ya kupimia umeme mkononi, anapekua. Mia, elfu, wote magotini, wote wanatukana. Wanatafuta kwa magoti ya nani, anauliza mtu wa hatamu. Kwa yao, ya nani mengine? Farasi anainuka, anashuka, mji unageuka kuwa mtaa mmoja, mtaa unageuka kuwa chumba, na chumbani, juu ya stuli ndefu aliyokuwa akikalia kazini, ameketi Fundi Shekiondo na kikombe cha chai.

Shikamoo, anasema Nakijwa, kwa sababu adabu ni adabu hata ukiwa umefura. Marahaba mwanangu, umekonda. Sikuja kuulizwa unene! Swichi iko wapi? Fundi anapuliza chai. Miaka kumi na moja nimekubebea boksi la vifaa, anasema Nakijwa, na sauti inampanda, nimekushikia tochi, nimekupikia uji ulipougua, siku ya maziko yako nimelia mpaka wanawake wamenishika, kumbe ninamlilia mtu aliyeondoka na swichi! Ulidhani nitakuibia? Mzee anakitazama kikombe. Anasema polepole, ningekuonyesha, ungerudi kwangu kufanya nini? Ulikuwa umeshanipita, Nakijwa. Ile siku ulipotengeneza mashine ya mchezo wa goroli kabla sijamaliza chai yangu, niliona. Ungeniambia hivyo! anafoka Nakijwa, na sasa analia, na anajichukia kwa kulia. Ungeniambia hivyo tu, mzee, basi!

Fundi anajaribu kushuka kwenye stuli ili amfuate. Hawezi. Magoti yanakataa, anabaki ameshika meza, ananing'inia nusu nusu, na Nakijwa anakumbuka. Miaka minne ya mwisho mzee huyu hakuwahi kuinama. Kazi zote za chini zilikuwa zake yeye Nakijwa. Na kila jioni, kabla ya kufunga, mzee alisimama kando ya farasi, akamfinya sikio, akasema, haya, lala.

Nakijwa anainuka ghafla, shavu lina alama ya mshono wa tandiko. Nje mkokoteni unakwaruza sakafu ya baraza. Hatumii tesita, hapigi magoti. Anaingiza kidole katika sikio la kushoto la farasi, ndani kabisa, kinagusa kitu kidogo baridi, kinakisukuma. Anatumbukiza sarafu. Farasi anainuka.

Huyo anatembea! Hatibu anapiga kelele mlangoni. Nani kakuonyesha? Nakijwa bado ana hasira, hasira yote ya miaka kumi na moja. Anachukua kopo la rangi nyekundu, na juu ya sikio lile anaandika kwa herufi kubwa: SWICHI IKO HUMU. Kisha anamgeukia Hatibu. Jua la alasiri limempiga mgongoni yule bwana na uso wake hauonekani, ni mviringo tu, na chini ya farasi vigae vyekundu ni kama vinasogea. Nakijwa anachovya brashi tena, anaandika na kwenye sikio la pili, maana kama hajaamka, basi na huko ndotoni wasome.