Aliyefunga Mvua Mwezi wa Saba

Kama una mtoto wa kiume na umemsikia akijisifu kwa mambo ya hali ya hewa, mzibe mdomo leo. Mzibe kwa chakula, mzibe kwa kandambili, hiyo juu yako, lakini mzibe. Akijisifu kuwa anajua mpira, Jumamosi atafungwa na mambo yataisha. Akijisifu kuwa wasichana wanamtaka, wasichana wenyewe watamrudisha kwenye mstari. Lakini mvua haiji kwenye kikao cha Chifu kujitetea. Chochote utakachosema juu yake kitabaki hivyo hivyo, mpaka siku watu watakapokuja kukudai. Nayajua haya vizuri, mimi ndiye mama yake Kalmet.

Ilianza kwenye sikukuu ya uhuru wa visiwa vyetu, mwisho wa mwezi wa saba. Kijiji chetu kilikuwa kinacheza fainali na watu wa ng'ambo ya mlima, na asubuhi likatokea wingu. Moja tu, tena dogo, kama limepotea njia. Wanaume wakaanza kulitazama kwa hofu, maana uwanja wetu ukilowa unakuwa bwawa la bata. Kalmet akaenda kwenye shimo langu la kuokea, akaokota jiwe, akalipaka masizi, akalitega nyuma ya goli na kulizunguka akinong'ona. Wingu likaenda zake. Tukashinda mbili bila.

Sasa nawauliza, mwezi wa saba kuna mvua gani? Ni baridi, ni upepo wa kusini-mashariki, na mbingu kavu kama kisigino changu. Kufunga mvua mwezi wa saba ni sawa na kumkataza jogoo asitage. Hata mbuzi wa Pasta angeifunga. Lakini mtu akishinda mbili bila anakuwa na kumbukumbu nyingi. Watu wakakumbuka kwamba babu wa babu yake Kalmet alikuwa na jiwe la mvua, ambalo wamisionari walilitupa baharini. Hakuna aliye hai aliyewahi kuliona, ila jioni ile kila mtu alijua hata rangi yake.

Kwenye nyumba ya wanaume wakampa bakuli la kwanza la kava, kile kinywaji chetu cha mizizi kinacholegeza ulimi, kabla ya Chifu.

"Waambie ulikuwa unatania," nikamwambia aliporudi.

"Nitawaambia kesho, mama. Leo wamefurahi."

Kesho yake kulikuwa na kava tena.

Nilikuwa na sababu ya kukosa usingizi. Nilikuwa nimefuga nguruwe dume, jina lake Waziri, kwa kuwa alikula kila siku na hatukuwahi kuiona kazi yake. Waziri alikuwa mahari. Kalmet alimtaka Leimara, binti wa jirani yangu Leinasei, na Leinasei alimtaka Waziri. Alikuwa anapita kwangu kila asubuhi kumwangalia.

"Waziri hajambo?"

"Hajambo. Na mimi pia sijambo, asante kwa kuuliza."

"Naona kiuno kimepungua."

"Changu au chake?"

"Chako kina faida gani kwangu?"

Huo ndio ujirani wetu. Bila nguruwe yule, mwanangu hana mke. Habari yote ilikuwa hiyo.

Ukaja mwezi wa kumi na moja, ambao mvua zinatakiwa zianze, hazikuanza. Wa kumi na mbili, jua tupu. Krismasi tuliimba makoo yakiwa yamekauka. Viazi vikuu vilikataa kupanda kwenye miti yake, majani yakawa ya njano, matangi yakabaki na matope na mijusi. Tukawa tunaogea baharini na kunywa madafu mpaka watoto wakaichukia minazi. Redio ilisema, wakati tukiwa bado na betri, kwamba mwaka huo joto la bahari lilikuwa limehamia upande wa Amerika na mawingu yakalifuata. Wanaume wakasikiliza, wakatikisa vichwa, na mmoja akauliza, "Nani alifunga mvua hapa?"

Wakamkumbuka.

Tuliitwa kwenye kikao. Chifu Tarimata ni mtu mpole, anaongea kama anakubembeleza umeze dawa.

"Kalmet, mwanangu. Mwezi wa saba ulifunga mvua, au hukufunga?"

Nikamtazama kwa macho yote mawili: sema hapana. Yeye akamtazama Leimara. Kijana akimtazama msichana kabla ya kujibu, ujue jibu linalokuja ni la kipumbavu.

"Nilifunga, Chifu."

"Basi ifungue."

"Kufungua kuna taratibu zake."

"Na mimi ninazo zangu. Mwezi huu ukiisha bila mvua, yule nguruwe wa mama yako aje hapa na kamba yake."

Leinasei akaruka. "Chifu, nguruwe yule ana wenyewe!"

"Wenyewe akina nani?"

"Ni sisi... yaani, watarajiwa."

Watu wakacheka, na ni kicheko cha mwisho nilichokisikia kwa muda mrefu.

Pasta Willie hakufurahishwa na habari za mawe. Jumapili alihubiri mpaka mishipa ikamtoka, kwamba mvua ni ya Mungu peke yake. Halafu baada ya ibada akamvuta Kalmet pembeni, karibu na mimi, akidhani sisikii.

"Lakini wewe unaonaje, mwanangu? Wiki hii au ijayo? Nataka kupanga mahubiri."

Mwezi ukawa unaelekea ukingoni. Meli ilikuwa haijaja, dukani hakuna betri, redio zote kijijini zimekufa. Ijumaa moja Kalmet akasimama mbele ya duka na kutangaza kwamba taratibu zimekamilika. "Jumapili," akasema. "Mvua tulivu, ya kustawisha mboga."

Ungeona kijiji! Ndoo zikatolewa, matangi yakasuguliwa, watu wakavua mabati ya vibanda vya nje wayafanye mifereji ya kuingizia maji matangini. Leinasei akanikumbatia, mwanamke ambaye hajawahi kunikumbatia hata nilipofiwa. Mimi nikajiuliza, huyu mtoto amejuaje? Maana wakati huo huo Pasta alikuwa anazunguka nyumba kwa nyumba akiuliza nani amechukua betri za tochi yake.

Nilimkuta Kalmet nyuma ya banda la Waziri, amejikunja, redio sikioni. Sauti ilikuwa ndogo lakini niliisikia: kimbunga kimezaliwa upande wa Visiwa vya Solomon, kinashuka kuja kwetu, watu wa visiwa vya kati wafunge mapaa na wahifadhi chakula.

"Mvua tulivu?" nikasema.

Akaruka mpaka Waziri akashtuka. "Mama, punguza sauti."

"Ya kustawisha mboga?"

"Nikiwaambia ni kimbunga watauliza nimejuaje. Nikisema mvua, nguruwe anabaki, na Leimara anabaki. Sisi paa la kwetu tutalifunga kimya kimya."

"Na paa la Leimara?"

Alikuwa anamtazama Waziri, na Waziri anamtazama yeye, na sikuona tofauti kubwa.

Nilikaa kwenye gogo. Nisikudanganye, nilimfikiria nguruwe. Miaka yote ile ya kumenya mihogo na kukuna nazi kwa ajili ya mnyama asiyesema asante. Ningefumba mdomo siku mbili tu, na mwanangu angeoa. Halafu nikafikiria migomba. Kila mtu kwetu anajua, kimbunga kikija unakata majani ya migomba na vichwa vya mihogo, upepo ukose pa kushika. Ukikata, shina linabaki na litachipua. Usipokata, linang'oka na mizizi yake, na kijiji kinakaa na njaa mpaka mavuno mengine, ambayo mwaka ule hayakuwepo. Na ndoo za watu wale zilikuwa zimepangwa uwanjani kama watoto wanaosubiri peremende.

Nikachukua panga.

Nilianza na shamba la Leinasei kwa sababu lilikuwa karibu, na pia, basi, kwa sababu ni la Leinasei. Jani la kwanza, la pili. Nilikuwa nimefika kwenye mgomba wa kona alipokuja mbio, khanga mkononi.

"Wewe mwanamke, una wazimu? Mwanao alikausha shamba langu, sasa wewe unalinyoa!"

"Chukua panga lako usaidie. Kimbunga kinakuja."

"Kalmet kasema mvua ya mboga!"

"Kalmet kasikia redioni! Ana betri za Pasta!"

Nilipiga kelele kuliko nilivyokusudia. Watu wakaacha ndoo. Chifu akaja, Pasta akaja nyuma yake na ile tochi tupu. Kalmet naye akaja, hakushikwa na mtu, alikuja mwenyewe akiwa amekumbatia redio kama mtoto mchanga, akaiweka chini na kuongeza sauti. Tukasikiliza wote. Ilipomaliza, Chifu akakohoa.

"Kwa hiyo hukufungua mvua."

"Hapana, Chifu."

"Na mwezi wa saba, hukuifunga."

"Chifu," nikaingilia, "mwezi wa saba! Mwezi wa saba ungefunga mvua gani?"

Wanaume wakainamisha vichwa. Niliona kila mmoja akihesabu kichwani mabakuli ya kava aliyomnunulia. Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.

"Haya," Chifu akasema, "nguruwe tutamla baadaye. Sasa mapanga."

Tulikata mpaka kijiji kikafanana na kuku aliyenyonyolewa. Tukafunga mapaa kwa kamba na nyavu, tukafukia chakula, tukarudisha ndoo ndani. Kalmet alipanda kwenye paa la Leinasei na kulifunga mara mbili, na Leinasei alisimama chini akimtukana kwa kila fundo. Ndugu mmoja tu alikataa kukata, akisema ameshadanganywa mara moja na familia ile na inatosha.

Kimbunga kilifika Jumapili mchana. Tulikuwa wote kanisani, ndilo jengo la saruji. Pasta alikuwa amefika kwenye neno "tunakushukuru" kona ya paa ilipoondoka, na mvua yote tuliyoiomba tangu Novemba ikaingia kwa pamoja. Tulijisukuma chini ya mabenchi. Mimi nilikuwa kifua kwa kifua na Leinasei, anatetemeka, na katikati ya ngurumo ile akanisogezea mdomo sikioni.

"Waziri umemfungia wapi?"

Nilimwambia. Akatulia.

Hakufa mtu. Nyumba tatu zilianguka, za wengine zikabaki wima. Migomba yetu ilisimama kama vigingi, na ndani ya muda mfupi ikaanza kutoa ncha za kijani. Ya yule ndugu aliyekataa ilikuwa imelala chini yote, imeelekea upande mmoja, na matangi ya kijiji kizima yamejaa mpaka yanamwagika.

Kikao cha pili hakikuchukua muda. Chifu alisema Kalmet hana hatia ya ukame, wala ya kimbunga. Nikashusha pumzi mapema mno. Ana hatia, akasema, ya kuiba betri za Pasta, ya kunywa kava ya watu kwa miezi sita kwa kazi isiyokuwepo, na ya kutaka kulifunga paa la kwao peke yake. Kwa hilo la mwisho wanawake waliguna kuliko yote. Na kijiji kina njaa. Kwa hiyo Waziri aje, na kamba yake.

Nilimleta mwenyewe. Nilimpa muhogo wa mwisho njiani. Siwezi kuandika zaidi ya hapo, ila kwamba alikuwa mtamu.

Leinasei alikaa karibu yangu, ubavu mkononi, mafuta kidevuni.

"Ulimlisha nazi," akasema.

"Kila siku."

Akatafuna. "Kuna nguruwe wangu ana watoto. Kesho uje uchukue mmoja. Umlee. Akifika ukubwa huu, tutaongea mambo ya Leimara." Akamnyooshea Kalmet mfupa. "Na huyu mwenye mawe awe anakuna nazi yeye."

Basi Kalmet anakuna nazi. Kitoto cha nguruwe tumekiita Betri. Itachukua miaka, Leimara amesema atasubiri, ingawa hakusema akiwa anatabasamu.

Nami ningeishia hapo, ila mwezi wa sita alikuja mzee kutoka ng'ambo ya mlima, na mkungu wa ndizi begani. Binti yake anaolewa mwezi ujao, uwanjani, akasema, na anaogopa mvua. Amesikia kuna kijana huku.

"Kalmet?" nikasema. "Ameacha."

"Lakini ile ya Jumapili si ilikuja siku aliyoitaja?"

Nikageuka. Kalmet alikuwa ameacha kukuna. Anamtazama mzee, anatazama ndizi, na mdomo wake ulikuwa umeanza kufunguka.

Sikumbuki kusimama. Ila najua kandambili ilinitoka mguuni na haikumkosa.