Kijaluba cha Lakiri

Jumanne saa nne asubuhi, katika ghala la nyaraka ng'ambo huko Arlington, Mwatime alivaa glavu akafungua kijaluba cha fedha kilichoning'inia kwa utepe kwenye mkataba wa zamani. Ndani mlikuwa na muhuri wa lakiri nyekundu, ambao kijaluba kiliukinga usivunjike. Alitakiwa kuufuta vumbi kabla ya maonyesho ya Ijumaa. Mkataba ulisema wazee wa mji mmoja wa pwani, kwao Mwatime, waliwapa wakoloni ardhi yao kwa hiari.

Kiboko kilimshukia begani, kikachana sare na ngozi. Aliyekishika hakuwapo. Mwatime alifunga kifuniko, kiboko kikakoma.

Ndirangu, mlinzi wa zamu, alimletea bandeji. Alisema pengine dada hakukifungua kijaluba vizuri, akakifungua yeye. Kitako cha bunduki kikamng'oa meno mawili. Aliyaokota, akayatia mfukoni, akarudi mlangoni kwake.

Msimamizi wao, Bridget, mtu wa Nakuru, alipita akakumbusha kwamba Ijumaa haisogei. Mwatime akafungua tena. Sasa sauti ya mwanamume ilimwuliza, kwa Kiswahili kibovu, kama amekubali.

"Sikukubali."

Mkono wake wa kulia ulivunjwa juu kidogo ya kiwiko. Sauti ikarudia swali, naye akarudia jibu, zikafuata mbavu. Kando yake alisikia wazee wakipigwa, wakiguna kwa lafudhi ya bibi yake. Mmoja aliomba maji. Mmoja mmoja walisema wamekubali. Mwatime alimalizia kuifuta lakiri kwa mkono wa kushoto, akafunga.

Alikwenda ofisini damu ikimchuruzika, akaomba maneno "kwa hiari" yaondolewe kwenye kibao cha maelezo. Bridget alimsikiliza hadi mwisho. Akasema vibao vimeshachapishwa, na kijaluba kitaonyeshwa kikiwa kimefungwa. Kisha akamsogezea fomu iliyosema ameanguka kwenye ngazi.

"Sikuanguka, madam."

"Najua, Mwatime. Lakini ukikataa kusaini, Jumatatu usije."

Wale wazee walivumilia zaidi yake, Mwatime aliwaza, na bado walikubali.

"Nipe kalamu."

Alisaini kwa kushoto. Ndirangu, mdomo umemvimba, aliitwa kusaini kama shahidi, akasaini.

Ijumaa maonyesho yalifunguliwa saa tatu kamili, na foleni ilifika hadi barabarani.