Mwenye Kuuliza Bei

Mtu wa kwanza kuandika chini ya onyesho la Khulud aliandika neno moja tu: "Bei?"

Wa pili: "Mpo wapi?" Wa tatu: "Mnaleta mpaka Mbagala?"

Mie na Khulud tulikuwa fildi ya chuo kwenye maktaba moja ndogo ya Temeke. Kazi yake ilikuwa kutengeneza onyesho la mtandaoni, kisha kuwafundisha wafanyakazi waliendeleze akishaondoka. Alichagua viti vya maseremala wa Keko. Alishinda huko kwenye vumbi la randa, akipiga picha na kurekodi mafundi wakieleza nani aliwafundisha kazi, na kwa nini zamani kiti cha baba mwenye nyumba kilikuwa na mikono mipana. Mie niliandika maelezo, mengine kwa shairi.

Mama Bernadeta, mkuu wa maktaba, aliusoma ukurasa mpaka maoni ya chini.

"Huu ni mnada," alisema. "Khulud mwanangu, bodi nitaiambia nini? Ijumaa unamaliza. Ukurasa ukiwa bado hivi nautoa, na ripoti yako siwezi kuisaini."

Bila saini ile chuo kingemrudisha fildi mwaka mzima. Khulud aliitika tu, "Sawa, mama."

Mie nikawaandikia jibu waulizaji kwenye simu yangu: *Mwenye kuuliza bei, macho yake yako wapi?*

"Niwabandikie?" nikamuuliza.

Khulud alisoma akacheka. "Lusungu, wewe ungekuwa na duka ungekufa njaa."

"Sina duka."

"Sie tunalo." Kwao wanauza vyombo Buguruni tangu enzi za babu yake. "Baba anasemaga, anayeuliza bei ameshasimama. Wanaopita hawaulizi. Huyu kasimama, wewe unataka kumtukana."

"Sasa utamkaribisha kwenye kitu kisichouzwa?"

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo, braza."

Akachukua simu yangu. Nusu ya kwanza ya mstari akaiacha, ya pili akaifuta na kuandika yake: *Mwenye kuuliza bei, kwenu mna kiti gani?*

Shairi nimejifunza mwenyewe, na mtu akigusa mstari wangu huwa tunagombana. Nikahesabu mizani kimoyomoyo nikitafuta kosa. Sikulipata. Na mstari ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Khulud aliubandika juu ya ukurasa, akamjibu kila mmoja kwa jina lake: hiki hakiuzwi, karibu umsikilize fundi wake, kisha tutumie picha ya kiti cha kwenu utuambie kilitoka kwa nani. Siku nzima ilipita kimya. Kesho yake yule wa Mbagala akatuma picha ya kiti chenye mguu uliofungwa waya. "Cha marehemu mama," aliandika. "Alikuwa anakaa hapo akisuka ukili wa mikeka. Hatukikalii, na hatukitupi."

Baada ya hapo picha zilianza kuja, chache chache. Ila "Bei?" nazo hazikukoma, na Ijumaa ikafika.

Siku hiyo ilikuwa ya mafunzo. Khulud alimkalisha Mama Bernadeta mbele ya kompyuta, yeye akasimama nyuma na mikono yake mgongoni.

"Si ubonyeze wewe, unajua," mama alisema.

"Jumatatu mie sipo, mama."

Ujumbe mpya ukaingia. Sote tuliusoma: "Bei?"

Mama Bernadeta akashusha pumzi. Nilimtazama Khulud, mikono yake bado ilikuwa mgongoni. Mama akaanza kuandika kwa kidole kimoja, polepole, ule mstari wote kutoka kichwani, bila kutuuliza. Jibu likaja upesi, kutoka Kiwalani.

"Huyu anasema kwao hawana kiti," alisema mama. "Wanakaa kwenye mkeka. Nimjibu nini?"

"Mama, angekuja nyumbani kwako akakwambia hivyo, ungemjibuje?"

Mama alifikiri, akavua miwani, akaivaa tena. Kisha akaandika: "Mkeka huo aliusuka nani?"

Khulud akaiweka ripoti yake taratibu kando ya kibodi, kalamu juu yake. Mama Bernadeta alisaini bila kuyatoa macho kwenye skrini.

"Nyamazeni kidogo," alisema. "Anaandika."