Vibao Juu ya Mkeka

Kibao cha nane kilipokazwa darini, mikono yangu ilikuwa haipandi tena juu ya mabega. Tangu saa moja asubuhi nilikuwa nimesimama juu ya meza, nikivishikilia vibao huku Cliff, fundi wa sauti, akitoboa. Boriti za nyumba ile kongwe ni ngumu. Zilikuwa zimekwisha kuvunja ncha mbili za drili.

Vibao nilivishona mwenyewe kule mtaani Kisumu Ndogo, kwenye karakana ya makochi: fremu ya mbao, ndani pamba nzito ya kijivu inayowasha ngozi, juu kitambaa. Kazi yake ni kuimeza sauti isigonge dari ikarudi. Harith, mwenye nyumba, alikuwa amekigeuza chumba cha nyuma kuwa studio, na haraka yake tuliijua sote. Mamake, Bi Zakiya, aliyeimba katika harusi za Malindi miaka arobaini, alikuwa apasuliwe koo Jumatatu. Daktari hakuahidi kwamba sauti itabaki. Siku ile ilikuwa Jumapili. Na sauti yenyewe ilikuwa imebaki ya asubuhi tu: nyimbo mbili, tatu, kisha inakatika mpaka kesho yake.

"Tayari," Cliff akasema, akijipangusa vumbi. "Sasa muite mathe."

"Mathe muache huko kwenu Nakuru," Harith akamjibu. "Hapa ni Bi Zakiya, usije ukarushiwa kiatu."

Bi Zakiya akaingia taratibu, mkeka kwapani.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, Fridah mwanangu. Mbona umekuwa mweupe hivyo? Umeangukiwa na gunia la unga?"

Nikacheka, ingawa hata kucheka kulinichosha. Cliff akamwonyesha maikrofoni, chini ya vibao.

"Simama hapa, Bi. Ama nikuletee kiti?"

"Nisimame, kwani naapishwa?"

Akakubali kiti kwa ajili ya mwanawe. Akaimba mstari mmoja. Ulitoka mwembamba, ukafuatwa na kikohozi. Akashika koo, akangoja kipite.

"Pumzi yangu haiji nikiwa huku juu," akasema. Akainuka, akatandika mkeka karibu na dirisha, akaketi, akakunja mguu mmoja. Cliff akamsogezea maikrofoni.

Mara hii sauti ilitoka nene, yenyewe. Lakini Harith, visikizio masikioni, akatikisa kichwa, akanivisha mimi. Kila neno lilikuwa na jingine nyuma yake, kana kwamba kuna mtu kisimani anamwigiza. Dari juu ya mkeka ilikuwa tupu. Harith akamwomba mamake ausogeze mkeka chini ya vibao, Bi Zakiya akakataa kuhama hapo.

Cliff alipima mahali pa vibao akiwa amesimama, na yeye ni mrefu, tena mgeni. Mimi je? Mimi niliyekua nikiona waimbaji wa harusi wameketi chini, nilimshikia vibao asubuhi nzima nisiulize Bi Zakiya ataketi wapi.

"Tuving'oe," Cliff akasema, akajitupa sakafuni. "Kutoboa upya ni masaa manne. Na ncha imebaki moja."

"Hayo masaa hana," Harith akasema polepole. "Adhuhuri ikifika, sauti imekwenda."

Nikabaki nimetazama juu, labda kwa sababu shingo ilikuwa imeshazoea. Pale juu ya mkeka niliona kulabu nne za chuma, zimepakwa chokaa pamoja na boriti.

"Bi, zile kulabu za nini?"

"Za pembea. Huyu Harith na nduguze wote nimewabembelezea hapo. Yeye ndiye aliyekuwa mbishi wa kulala." Akampiga mwanawe jicho. "Unafikiri mkeka nimeutandika hapa bure?"

Nikauliza kama wana kamba za kitanda. Uani kulikuwa na kitanda kibovu, nikakifungua kamba. Babangu husuka vitanda, mafundo yake nayajua. Kuvua vibao vinne ilikuwa kazi ya bisibisi tu. Tukaviunga pamoja kwa mbao mbili, nikavining'iniza kwenye zile kulabu, nikavishusha mpaka usawa wa kifua changu.

"Chini hivyo?" Cliff akauliza.

"Ameketi," nikamwambia.

Ilikuwa inakaribia saa sita. Bi Zakiya akanywa maji ya vuguvugu, akaanza. Nilimtazama Harith usoni, si mamake. Safari hii hakutikisa kichwa, aliinama tu. Wimbo wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Wa tatu, katikati, mdomo ukaendelea bila sauti.

Tukangoja. Akajaribu tena. Mara ya tatu akainua mkono kutuzuia, kana kwamba kuna aliyetaka kusema.

"Umeshika?" akanong'ona.

"Mbili na nusu, mama."

"Hiyo nusu usiikate."

Akajilaza palepale, chini ya vibao. Cliff akauliza kwa ishara kama tuvivue vile vinne vilivyobaki darini. Harith akakataa, akimwonyesha mamake kwa kidevu. Nikaketi ukutani, mikono mapajani.