Mashua ya Mjomba Faustini

Mjomba Faustini alipofariki pale Nyamirembe, kando ya ziwa, hakuacha mke wala mtoto. Wazee wa ukoo wakaona mashua yake apewe Domisiana, binti wa dada yake, kwa kuwa ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho. Domisiana alikuwa mkulima wa Bisibo. Ziwa alilijua kwa samaki wakavu wa gulioni tu, basi. Mumewe Telesfori hakumzidi kwa hilo, lakini alifurahi utadhani yeye ndiye aliyerithi.

"Mama Adelfina, jembe tumeliaga," alisema.

Wakamwacha mtoto wao Adelfina kwa bibi yake, wakateremka ziwani.

Siku ya kwanza Telesfori hakumuuliza mtu. Alipandisha tanga, akaifunga kamba yake kwa fundo gumu kama anafunga mbuzi, akakaa nyuma na kushika usukani. Upepo ukalijaza tanga ghafla, mashua ikalala ubavu na kwenda kujichomeka kwenye matete. Wavuvi walicheka mpaka wakakaa chini. Mtu mmoja tu ndiye aliyejitosa majini, akaogelea hadi pale na kuifungua ile kamba.

"Kamba ya tanga haifungwi hivi, mzee," alisema akihema. "Unaishika mkononi. Upepo ukizidi, unailegeza."

Huyo ndiye Ciza, Mrundi wa Rumonge, aliyekulia kwenye mashua za Ziwa Tanganyika. Vita vilipoanza kwao alikimbilia Ngara, akakaa kambini mpaka akachoka kukaa bure akingojea mgawo wa mahindi. Akatoroka, akaja Nyamirembe kuziba nyufa za mashua za watu. Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko cha wenyeji wote pale ufukweni.

Telesfori alimwomba awafundishe.

"Sitaki hela," Ciza alijibu. "Mkishajua kuiendesha, mnipeleke kile kisiwa cha ng'ambo. Nasikia mdogo wangu, Kanyange, yuko kule anakaanga samaki. Tulipotezana njiani tulipokimbia. Wenye mashua wengine wanaogopa kumvusha mkimbizi."

"Hilo ni jambo dogo," Telesfori akasema. "Tutakupeleka."

Domisiana naye aliitikia. Walikubali wote wawili.

Wakaanza kujifunza. Ciza aliwaonyesha jinsi upepo wa asubuhi unavyotoka nchi kavu na kuisukuma mashua ziwani, na wa alasiri unavyoirudisha. Aliwafundisha kwenda kinyume na upepo, ukikata huku, ukikata kule. Telesfori alikuwa na papara. Kila mara aliushindilia usukani kama anamlazimisha ng'ombe. Domisiana alijikuta anajua bila kujua amejuaje. Alihisi upepo shavuni, na mkono ukalegeza kamba wenyewe.

"Mama amezaliwa na kitu hiki," Ciza alisema siku moja, akicheka.

Telesfori hakucheka. Tangu siku hiyo usukani ukawa wake, na mke akapewa kazi ya kuchota maji yanayoingia.

Mashua ikaanza kuwalisha. Walibeba ndizi na mihogo kuipeleka vijiji vya pwani, wakarudi na samaki. Ciza hakusahau ahadi, ila hakuwa mtu wa kudai. Aliuliza tu, "Mzee, safari yetu?" Telesfori akasema wiki ijayo. Wiki hiyo ilipofika palikuwa na mzigo wa mtu. Iliyofuata palikuwa na msiba. Domisiana alisikia haya yote akiwa anapara samaki, akajiambia kisiwa hakihami.

Kiangazi kilipofika walitakiwa Bisibo kuvuna maharage. Telesfori aliogopa wezi, akaamua mashua ivutwe mpaka juu kabisa, penye nyumba waliyokuwa wakikaa.

"Mbao zitakauka, zitaachana," Ciza alisema. "Iacheni majini, mimi nitailinda. Au basi niwe naimwagia maji."

"Nyumba nimeifunga, mashua nimeifunga kwa mnyororo, na hapo pasiguswe na mtu," Telesfori akakata maneno.

Waliporudi, mwanga ulipita katikati ya mbao. Telesfori alipiga kelele kwamba Ciza aliziba vibaya tangu mwanzo. Domisiana alijua si kweli. Alimtazama Ciza akipiga magoti, akisokota pamba iliyolowa mafuta na kuisukuma kwenye kila mwanya kwa patasi butu. Lakini hakumtetea.

Kazi hiyo ilichukua muda mrefu. Ilipokwisha, mashua ikazamishwa kwenye maji ya kina kifupi ili mbao zivimbe, kisha maji yakachotwa, ikawa nzima kama zamani. Telesfori alikuwa amerudi Bisibo kumwangalia mama yake mgonjwa. Asubuhi moja Ciza alikuja mlangoni, akavua kofia.

"Mama, upepo ni mzuri leo. Twende. Wewe unaweza, kumzidi hata mzee."

Domisiana alitazama ziwa. Alijua anaweza. Mashua ilikuwa yake, ya mjomba wake. Lakini akauwazia uso wa Telesfori akirudi na kukuta mashua haipo.

"Tumngoje Baba Adelfina," alisema. "Anarudi kesho kutwa."

"Sawa, mama," Ciza akajibu, akarudi kukwangua ukoga kwenye usukani.

Kesho yake lori lilifika ufukweni. Ulikuwa mwaka ule ilipotoka amri kwamba wakimbizi wote walio nje ya kambi warudishwe. Watu walipanda na walichokuwa nacho mkononi. Domisiana alikimbia, akamkuta Ciza ameshakaa juu, katikati ya wengine.

"Mwambieni Kanyange nilikuwa hapa!" alipaza sauti.

Telesfori aliporudi na kuambiwa, aliketi juu ya jiwe. Asubuhi iliyofuata, bila mtu kumwomba, alimwachia mkewe usukani. Walifika kisiwani mchana. Wala hapakuwa mbali hivyo. Kanyange walimkuta karibu na pale walipoegesha, mbele ya karai la mafuta, msichana mwembamba mwenye paji la uso la Ciza.

Domisiana alimweleza. Kanyange alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Alikuwa Nyamirembe tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Msichana akaepua karai, akafunga nguo zake kwenye kanga. Walimvusha siku hiyo hiyo, wakamtafutia gari la Biharamulo, ili aunganishe lingine la Ngara, kambini. Miezi kadhaa baadaye alituma salamu kwa mkono wa mchuuzi. Ciza hakuwepo kambini. Wengine walisema alipelekwa kambi za Kigoma, wengine walisema alijiandikisha kurudi kwao. Baada ya hapo hawakusikia tena habari za yeyote kati yao.

Siku moja wakiwa katikati ya ziwa, Telesfori, akichota maji, alisema bila kuinua kichwa, "Ungeniambia siku ile kwamba Ciza aliziba vizuri."

"Ulikuwa unajua," Domisiana akajibu.

Telesfori aliendelea kuchota. Domisiana akalegeza kamba kidogo, kwa maana upepo ulikuwa umeanza kuzidi.